Zawadi ya Mkojo wa Bluu

Nyie wauguzi wa siku hizi mna raha. Mnamchoma mgonjwa kidoleni, kimashine kinalia pii, namba inatokea, mnaandika, "Anayefuata!" Hata kumwamkia hamjamaliza. Sisi tulichemsha mkojo. Ndiyo, chekeni tu. Unatia ile dawa ya bluu kwenye kichupa chembamba cha kioo, unadondosha matone ya mkojo, unakishika kwa kibanio juu ya moto wa spiriti, unasubiri. Ikibaki bluu, hakuna sukari kwenye mkojo. Ikigeuka kijani, ipo kidogo. Njano, imezidi. Ikiwa rangi ya tofali, mwenye mkojo hana haja ya kuambiwa kitu, uso wako umeshamwambia. Marehemu mume wangu alikuwa akiwaambia watu mimi ni mama lishe, ila msiniulize napika nini.

Mimi ni Mgogo wa Kongwa, nimestaafu na magoti yangu, na kazi yangu karibu yote niliifanya kwenye kliniki ya sukari pale Dodoma mjini. Mwanangu wa mwisho anasoma uuguzi, na juzi kaniuliza: "Mama, mgonjwa akisema anatumia dawa za miti shamba, tunafanyaje?" Nikamwambia akisema, mshukuru Mungu. Shida ni wale wasiosema. Akaniona nimeanza kuzeeka. Basi ngoja niwaeleze wote, tena mkae vizuri, maana mimi nikianza kusimulia natanga na njia.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Nyie hamkuijua dhiki iliyotangulia, miaka ambayo mche wa sabuni ulikuwa kitu cha kupeleka kama zawadi ya harusi. Halafu serikali ikafungua milango ya biashara, kila kitu ruksa. Loo! Maduka yakajaa. Maduka ya dawa nayo yakaota kama uyoga baada ya mvua, na pale Majengo sokoni, pembeni ya magunia ya mtama na karanga, wakajipanga wauza chupa. Redio kaseti inabweka, mtu ana kipaza sauti: dawa hii inatibu sukari, presha, ngiri, tumbo la chango na mume asiyelala nyumbani. Chupa moja! Nilimwuliza mmoja, "Kaka, na mimi mume wangu analala nyumbani kupita kiasi, dawa hiyo inaweza kumtoa?" Akanihamishia kwenye chupa nyingine bila kupepesa macho.

Msinielewe vibaya. Mimi sikatai miti shamba. Bibi yangu alinikuza kwa mizizi, na mpaka leo tumbo likinikata najua cha kuchemsha. Kuna uwatu, kuna karela chungu kama shubiri, kuna majani ya mlonge, na vingine kweli vinashusha sukari. Lakini hapo ndipo penye neno, wanangu. Kinachoshusha, kinashusha. Hakijui pa kusimama. Watu wanasema dawa ya asili haina madhara. Nyoka naye ni wa asili.

Mkuu wetu wa kliniki alikuwa Sista Agripina, Mhaya wa watu, mnene, mwenye sauti ya kusimamisha kwaya. Kila nilichokijua kuhusu sukari alinifundisha yeye. Alinifundisha kukagua viatu vya wagonjwa kabla ya miguu yao, maana mguu wenye ganzi hausemi, kiatu ndicho kinachosema. Siku moja tulitoa msumari kwenye katambuga ya mzee mmoja mfugaji, na mwenyewe akashangaa kweli, akauliza umeingiaje. Alitembea nao tangu kijijini kwao, Haneti. Sista alinifundisha pia kutomwuliza mgonjwa "unakula sukari?" Uliza amekula nini. Tulikuwa na mkulima wa zabibu aliyeapa kwa jina la mama yake kwamba sukari hajaionja tangu mwaka jana. Chai anakunywa kavu, bila sukari. Kumbe zabibu anakula beseni zima akiwa shambani. "Sista," akasema, "zabibu si sukari. Zabibu ni tunda." Sista alitoka nje akacheka hadi kofia ikadondoka.

Lakini Sista Agripina alikuwa na ugonjwa wake mmoja: alipenda makofi. Alikuwa ametoka kwenye zile enzi za mfanyakazi bora, Mei Mosi, mtu anapandishwa jukwaani anapewa redio. Akaona, kwa nini na sisi tusiwe na mgonjwa bora? Kila siku ya kliniki, mwenye kichupa cha bluu kuliko wote anasimama mbele ya mabenchi, anapigiwa makofi, anapewa mche wa sabuni. Sabuni Sista alinunua mwenyewe. Na msidhani watu waliitaka kwa ajili ya kufulia, maana sabuni ya kila rangi ilikuwa imeshajaa madukani. Walitaka ile kusimama. Mtu ana ugonjwa usiopona, watu nyumbani wanamhesabia vijiko, halafu hapa anaitwa bora mbele ya kadamnasi. Hata wewe ungeitaka.

Bingwa wa sabuni alikuwa Mzee Seif, mfanyabiashara wa nafaka pale Majengo. Babu zake walikuja na misafara ya zamani, ile iliyopita hapa ikielekea bara, wakaishia kubaki. Mimi na yeye tulitaniana kwa hilo. Nilikuwa namwambia, "Shikamoo baba. Wazee wako walilipa hongo kwa babu zangu ili wapite hapa, na wewe leo umeleta nini?" Anajibu taratibu, "Marahaba, mwanangu. Nimeleta mkojo." Mtu mpole ajabu. Kanzu imepigwa pasi, kofia nyeupe, sauti ya chini. Mabishano ya sokoni yote alikuwa akiyamaliza kwa kusema "sawa, mwanangu." Mkewe, Bi Zuhura, ndiye aliyekuwa na sauti ya nyumba, na kila kliniki alikuja naye, akakaa kando yake, akapokea sabuni kwa niaba yake.

Mwezi mmoja, wakati wa mvua, kichupa cha Mzee Seif kikatoka rangi ya tofali. Nilikichemsha mara ya pili nikidhani nimekosea. Tofali! Yeye mwenyewe aliinamisha kichwa kama mtoto aliyekojoa kitandani. Bi Zuhura akatazama ukutani. Sabuni siku hiyo ilikwenda kwa Mama Nyemo, mwanamke wa Kongwa kwetu, mcheshi, mwenye kikapu kisichoachana naye. Daktari akamwongezea Mzee Seif vidonge. Ni sawa kabisa, kwa alichokiona.

Kliniki iliyofuata, wakaja asubuhi kama kawaida, matumbo matupu, maana tulitaka wapimwe kabla ya kula. Nikachemsha. Cha Mzee Seif kikabaki bluu. Bluu ya kupendeza, hata hakikutikisika. Nikampelekea Sista, akakiinua juu mwangani kama padri na kikombe, akatoka nje kwenye mabenchi.

"Bingwa wetu amerudi! Mzee Seif, simama baba tukupigie makofi!"

Mzee Seif hakusimama. Alikuwa ameketi, mikono imeshika magoti, kanzu imemganda mgongoni kwa jasho, na asubuhi ile ilikuwa na ule upepo wetu wa baridi wa Dodoma. Sista akarudia. Mzee Seif akainua uso, akasema kwa sauti niliyokuwa sijawahi kuisikia:

"Nyamaza wewe, bibi mnene! Kelele tu, kelele tu!"

Benchi zima likapasuka kicheko. Watu walidhani ni utani, bingwa kalewa ubingwa. Hata Sista alicheka, ingawa kwa upande mmoja wa mdomo. Mimi, niliyekuwa nimemfuata Sista nje, nilimsogelea mzee. Wanangu, shikeni hili hata mkisahau mengine yote: mgonjwa wa sukari mpole akitukana ghafla, au mkali akianza kulia, au msemaji akianza kubabaika, huku anatoka jasho na kutetemeka, msibishane naye. Sukari imeshuka. Imeshuka mno. Na ile bluu yangu haikuniambia, kwa sababu mkojo unasema sukari imezidi, hauna habari ya sukari iliyopungua. Mtu anakufa na mkojo wake unashinda zawadi.

Nikapiga kelele, "Sukari! Nani ana sukari?"

Hebu fikirini. Kliniki ya wagonjwa wa sukari. Sista alikuwa amepiga marufuku hata pipi mlangoni. Dripu ya sukari ilikuwa wodini, ng'ambo ya uwanja, na mhudumu ameshatoka mbio kuifuata. Watu wote wakatazamana na nyuso za kitakatifu. Hakuna mwenye sukari, ni nani atathubutu? Ndipo Mama Nyemo akaingiza mkono kwenye kikapu chake, chini kabisa, chini ya kitenge, akatoa chupa ya soda. Akaniletea ameuficha uso kwa kanga.

"Nilikuwa nijipongeze nikimaliza kupimwa," akanong'ona. "Usiniseme, mwanangu."

Nikaifungua kwa kuigonga kwenye ukingo wa benchi, nikapiga magoti mbele ya Mzee Seif. Macho yake yalikuwa yananitazama bila kuniona. Sijafikisha chupa mdomoni, Bi Zuhura akanipiga mkono. Soda ikamwagika, karibu nusu yote ikaingia kwenye vumbi.

"Unataka kumuua mume wangu?" akapiga ukelele. "Miaka yote hii mnamkataza sukari, hata chai ya msibani hanywi, leo mnampa soda? Soda! Mimi si mjinga!"

Na hakuwa mjinga. Alikuwa anafanya kile kile tulichomfundisha. Alijitanda mbele ya mumewe, mikono ameipanua, na mimi nilijua nikisema "Bi Zuhura, kitaalamu..." mzee ataondoka nikiwa kwenye neno la pili. Alikuwa ameanza kulala upande.

Nikamwuliza, "Bi Zuhura, tangu uolewe, umeshawahi kumsikia Mzee Seif akimtukana mwanamke?"

Akasita. "Hajawahi. Hata mimi hajawahi."

"Basi aliyetukana sasa hivi si mumeo. Ni njaa ya sukari iliyo mwilini mwake. Tukichelewa hutampata tena yule mwingine. Mpe wewe. Amefunga meno, lakini mkono wako anaujua."

Akanitazama. Nilimwona anapima, kati ya yote aliyoambiwa na uso ule wa mumewe. Kisha akaninyang'anya chupa, akakaa chini kwenye vumbi na baibui lake safi, akakipakata kile kichwa cha kofia nyeupe kikiwa kimeinuliwa, akamwita jina la ndani, jina ambalo sisi wengine hatukulijua. Meno yakaachia. Akamnywesha kidogo kidogo, kifuniko kwa kifuniko, na mimi nikitazama koo: kameza? Kameza. Angekuwa hamezi tena nisingeruhusu hata tone, lingekwenda kwenye mapafu, na hilo nalo mlishike. Mama Nyemo alikuwa anaomba kwa Kigogo na yule mkulima wa zabibu anaomba kwa Kilatini alichokisikia kanisani. Sista Agripina alisimama na kichupa cha bluu mkononi, amekisahau.

Kabla dripu haijafungwa, Mzee Seif akapepesa macho. Akaangalia watu waliomzunguka, akaona amelala mapajani mwa mkewe hadharani, akaona haya, akajaribu kuweka kofia sawa. Halafu akanitafuta mimi kwa macho.

"Mwanangu," akasema kwa ile sauti yake ya chini, "je, nimeshinda?"

Hakuna aliyecheka. Nawaambieni, hakuna aliyecheka.

Tulipomlaza ndipo yakatoka. Kulikuwa na mzee wa miti shamba, Mzee Sogodi wa Haneti, aliyekuja Majengo siku za soko na mizizi yake. Mzee Seif alikuwa mteja wake wa muda mrefu. Lakini hakuwa anainywa kila siku, la! Siku nyingine, mkewe asipomwona, alikula na kunywa apendavyo. Aliichemsha zikikaribia siku za kliniki tu, ili aje kwetu msafi. Kama unavyofagia nyumba mgeni akisema anakuja. Mwezi ule wa tofali, Mzee Sogodi alikuwa amekwenda kulima kwao, mizizi haikupatikana, daktari akaona sukari, akaongeza vidonge. Na mwezi huu mizizi ilipopatikana, Mzee Seif alitaka ubingwa wake urudi. Akanywa sufuria nzima, akameza na vidonge vipya vyote, akaja na tumbo tupu.

Nilitoka nje na habari hiyo, nikawaeleza waliokuwa kwenye mabenchi. Kisha Mama Nyemo akaingiza tena mkono kwenye kikapu. Safari hii akatoa chupa ya konyagi yenye maji meusi. "Na mimi huinywa," akasema. "Kesho yake ikiwa kliniki." Jirani yake akatoa kikopo. Mkulima wa zabibu akatoa unga kwenye karatasi ya gazeti. Mwenzangu, zilitoka chupa pale kama kwenye mkutano wa wauza soko! Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Wa kwetu maradhi walikuja nayo kila mwezi. Walichoficha ni dawa, na walituficha kwa sababu tulikuwa tunawapigia makofi.

Sista Agripina akaziangalia zile chupa moja moja. Nilidhani atafoka. Akaketi kwenye benchi la wagonjwa, katikati yao, likalia. Akasema, "Basi mimi ndiye niliyekuwa nanunua sabuni ya kuwazikia." Tangu siku hiyo sabuni ilibaki, ila ilikwenda kwa aliyeleta chupa zake zote mezani na kusema ukweli wote, mkojo uwe bluu uwe tofali. Daktari akapanga vidonge akijua na kilichomo kwenye sufuria. Wengine wakaacha mizizi, wengine wakaacha siri tu. Mwanzoni ushindani ulikuwa mkali, mtu analeta hadi dawa ya mbu.

Mimi nilitumwa kwa Mzee Sogodi sokoni. Nilikwenda nimejiandaa kwa ugomvi. Akanisikiliza, akashika kichwa.

"Mimi nilimwambia kikombe cha kahawa," akasema. "Nani kamwambia sufuria? Na hivyo vidonge vyenu, mbona hakuniambia kama anavyo?"

"Na sisi hakutuambia kama ana mizizi yako."

Akasema, "Kumbe mimi na wewe ni wake wenza. Bwana anakula kwako, anakula kwangu, na kila mmoja anamwambia ameshinda na njaa."

Nilicheka hadi nikakalia gunia la mtu. Tulikubaliana: akimpata mwenye sukari, kwanza amwulize anameza nini cha hospitali, na kama anameza, amlete kwetu na mzizi wake mkononi. Alifanya hivyo mara nyingi. Mara nyingine hakufanya. Nami sitawadanganya kwamba mzizi wake nilijua unafanya nini. Sikujua unashusha kiasi gani, wala figo zinasemaje. Yeye naye hakujua. Angalau tulikuwa hatujui pamoja.

Mzee Seif aliishi miaka mingi baada ya hapo. Sabuni alipata tena, siku aliyosimama na kichupa cha rangi ya tofali, akasema mbele ya watu wote, kwa haya kubwa, kwamba amekula halua ya harusi ya mjukuu na mizizi hajagusa. Yale makofi nayasikia mpaka leo. Na Bi Zuhura akaanza kutembea na sukari amefunga kwenye pindo la kanga, fundo kama yai la kanga. Msikitini, sokoni, msibani, popote alipo mumewe naye yupo na fundo lake. Watu walimtania: mume ana sukari, mke anaongeza! Yeye anajibu, "Cheka, siku ikimshuka utaniomba."

Mzee Seif alipofariki, kwa uzee wake, kitandani kwake, nilikwenda kumpa pole mkewe akiwa kwenye eda. Tulikaa mkekani, tukamzungumza marehemu. Aliponigeukia kunimiminia chai, pindo la kanga likanigonga goti. Lilikuwa zito. Nikalishika.

"Bi Zuhura," nikasema, "mbona bado?"

"Najua hayupo," akasema. "Lakini nikiamka asubuhi mikono inafunga yenyewe, nami siwezi kuikataza."

Akalifungua lile fundo taratibu, akaitia sukari yote kwenye kikombe changu, akakoroga. Mimi chai nimeizoea kavu, kwa ajili ya kazi. Siku ile niliinywa yote.